Tumbo la Bwana Nasoro na Gauni Lako la Idi

Tabora,
Kiangazi kimeanza.

Dada yangu Tatu,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku kwenye vumbi na asali. Kwanza nataka habari ya magoti yako, na ya kile kikohozi kinachokuamsha alfajiri, na kama shemeji bado anailalia redio huku akidai anasikiliza taarifa ya habari. Mimi ni mzima. Mgongo tu ndio unauma, na kuuma kwake kuna sababu itakayokuja huko mbele, maana nikikuambia sasa utaacha kusoma ukimbilie kwa jirani kuhadithia.

Barua yako niliifungua hapa barazani, mbele ya mafundi wenzangu wa ushirika, na ule uzi ukanidondokea mapajani. Nikadhani umenitumia uzi wa kushonea, kwa kuwa umesikia huku umeadimika. Kumbe ni kipimo. "Rama mdogo wangu, hapa kwenye fundo ndipo kitakapofika kiuno changu nikishapasuliwa. Nishonee gauni la Idi kwa kipimo hiki, tena la mikono mifupi." Dada, niliuzungusha uzi ule kiunoni mwangu nikacheka. Nikauzungusha kwenye paja, fundo halikufika. Fundi mwenzangu akaniuliza hilo ni gauni la mtoto wa nani.

Baadaye nikaisoma tena barua, na safari hii sikucheka. Niliona umeandika kwamba umeshaanza kuaga watu.

Mimi ndiye niliyekutia hamu hiyo. Nilikuandikia kwa furaha ya mtu aliyeokota almasi, nikakusimulia kwamba Bwana Nasoro, mfanyabiashara wa huku, alikwenda Ulaya na tumbo akarudi bila tumbo. Nikakuambia ameahidi kunichukua safari ijayo, nami nikapasuliwe. Hukuniuliza swali hata moja. Uliandika tu kwamba nikuombee na wewe nafasi. Sasa kaa kitako kwenye ule mkeka wako, usome mpaka mwisho, na usiruke mstari hata ukiona habari za choo.

Tumbo langu unalijua, wewe ndiye uliyelilea. Baada ya mama kufariki ulinishindilia wali wa nazi mpaka majirani wakasema yatima gani huyu. Huko Bagamoyo tumbo hili lilikuwa heshima, watu wakiliona walisema dada yake anamtunza. Huku, tangu litoke Azimio, tumbo limekuwa ushahidi. Kila picha ya bepari iliyobandikwa ukutani, iwe sokoni au stesheni, bepari ana tumbo, kofia ndefu na sigara nene. Mnyonywaji ni mbavu tupu. Mimi sina kofia ndefu wala sivuti sigara, na cherehani ninayoshonea ni mali ya ushirika, lakini tumbo ninalo, tena la kuonekana tangu kona ya barabara.

Katibu wa tawi letu la Chama anaitwa Ndugu Maganga. Ni kijana mwema, ana sauti ya tarumbeta, na anapenda michezo ya kuigiza kuliko anavyopenda kula. Kila sherehe anatunga mchezo, na kila mchezo una bepari, na kila bepari ni mimi. Nilipomwuliza kwa nini asimpe mwingine, alinijibu kwa upole, "Ndugu Fundi, matawi mengine wanamfunga mtu mto tumboni, na mto unateleza katikati ya hotuba. Sisi Mungu ametujalia." Nikavikwa joho jeusi nililolishona mwenyewe, nikapewa sigara ya karatasi, nikawa nazomewa kila sikukuu ya taifa.

Kuzomewa jukwaani si neno. Shida ni kwamba jina lilinifuata barabarani. Watoto wakawa wananiamkia, "Shikamoo bepari," kisha wananyoosha mikono wapewe peremende, kwa sababu bepari hakosi peremende. Mama mmoja wa Kinyamwezi anayeuza michembe sokoni, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, alikuwa ananipa vipande vidogo, akisema vikubwa nimeshawanyonya wanyonge. Alikuwa anatania, najua. Lakini dada, kila siku ukitaniwa kitu kile kile, mwisho unakwenda kujitazama kwenye kioo. Nilijitazama, na nilichukia nilichokiona. Sijawahi kukuandikia neno hilo.

Bwana Nasoro naye alijitazama kwenye kioo kabla yangu. Yeye ni mtu wa ukoo wa Kiarabu, babu zake walikuja na misafara ile ile iliyompeleka babu yetu pwani, ila wao walipanda punda na babu yetu alibeba pembe za ndovu. Ana duka la vitambaa, alikuwa na nyumba ya ghorofa ya kupangisha, na alikuwa na tumbo lililozidi langu. Zilipoanza kubandikwa zile picha, akasimama mbele ya mojawapo sokoni akaiangalia kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe amenisimulia. Alisema, "Fundi, wallahi, yule mchoraji alinichora mimi. Ilibaki kuandika jina." Akaona kama tumbo likiondoka, hakutakuwa na bepari. Nduguye anayeishi Ulaya akamtafutia daktari, akasafiri, akapasuliwa, akarudi.

Aliporudi akakuta ile nyumba ya ghorofa imeshataifishwa. Waliotoa amri hawakuja kwanza kumpima kiuno.

Hilo lilipaswa kunifundisha kitu, lakini nilikuwa naangalia kiuno chake tu. Dada, mtu alikuwa amebaki nusu! Aliniletea kanzu zake nizipunguze, na kitambaa nilichokata kingetosha shati la mtu mwingine. Na maajabu yenyewe ni kwamba anakula. Nilikuwepo kwenye walima mmoja, nikamwona anakula pilau sinia zima na bado anauliza mkono wa mbuzi uko wapi, na kiuno hakiongezeki. Mate yalinitoka, si kwa ajili ya mbuzi. Nikajisogeza karibu yake nikamwuliza siri.

"Hakuna siri," akaniambia. "Wanakukata utumbo huku juu, wanauunganisha huku chini. Chakula kinapita njia ya mkato. Unakula utakavyo, hakikai." Halafu akanong'ona kwamba anatakiwa arudi kule daktari amwangalie, nduguye atalipa tiketi ya mtu wa kumsindikiza, na yule daktari hataki malipo kwa mtu atakayekuja naye, kwa sababu kadiri anavyopasua watu wengi ndivyo anavyozidi kujua. Nikasema nitakusindikiza mimi. Sikujiuliza kwa nini mtu mzima mwenye afya anahitaji msindikizaji, wala sikujiuliza yule daktari alikuwa bado hajajua nini. Jioni ile ile nikakuandikia.

Ili nizoee kazi ya kusindikiza, nikaambiwa niwe napita nyumbani kwake. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba nyumba inafukizwa udi asubuhi, mchana na jioni, kama kwamba kila siku kuna harusi. Mkewe, Bi Zuhura, anatembea na chetezo mkononi vyumba vyote. Nikamsifu kwa kupenda manukato. Akaniangalia, akaguna, akasema, "Baba, ungejua nafukuza nini." Sikukaa sana nikajua. Bwana Nasoro aliinuka katikati ya sentensi, akatoka mbio na kiatu kimoja, na mlango wa choo ukafungwa kwa kishindo. Akarudi akaendelea na sentensi ile ile. Kabla haijaisha akainuka tena.

Basi nikajifunza kazi. Kazi ya msindikizaji ni kujua vyoo. Tabora yote ninaijua sasa kwa vyoo vyake: kipi kina kufuli, kipi mwenyewe mkali, kipi kinafikika ukitoka sokoni kwa mwendo wa kukimbia. Tena ni mimi niliyemshonea suruali ya kiuno cha mpira, isiyo na kifungo hata kimoja, maana alisema kifungo kilimwaibisha msikitini na hataki kueleza zaidi. Nilimshonea nyingi. Mafundi wenzangu wakadhani ni mtindo mpya wa Dar es Salaam, na wawili wakajishonea.

Halafu nikaona macho. Jua likizama tu, Bwana Nasoro hamwoni mtu. Alikuja barazani kwetu magharibi moja, nimeshaifunika cherehani kwa shuka nyeupe, nami nipo pembeni nakunja vitambaa. Akaisalimu cherehani. "Asalaam aleykum, Fundi. Habari za kutwa?" Cherehani ikanyamaza. Akauliza kama imekasirika, akaiomba radhi, akaishika bega. Ilibidi nijibu kwa niaba yake. Tulicheka wote wawili, lakini yeye aliacha kucheka mapema, akaniambia nywele zinamtoka na vidole vya miguu vinamwuma kama vimebanwa mlangoni. Juu ya hayo alikuwa ameshapata vijiwe kwenye figo, na siku alipopitisha kimoja alilia mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Na mimi, dada, niliyaona yote haya na bado nikataka kupasuliwa. Nilijiambia kwamba yeye ni mzee, mimi kijana. Nilijiambia kwamba labda anapiga chuku. Mtu akishataka kitu anakuwa wakili wa kitu hicho. Kilichonifumbua macho ni matembezi ya Kwihara.

Ndugu Maganga alitangaza kwamba tawi letu litatembea kwa miguu kutoka mjini mpaka Kwihara, kuunga mkono siasa yetu, na huko tutalima shamba la pamoja na kuonyesha mchezo. Bepari ni mimi, hilo halikuhitaji kutangazwa. Lakini mshika bango akamteua Bwana Nasoro. "Ndugu yetu huyu," akasema mbele ya mkutano, "amepunguza. Mwenyewe mnamwona. Ametoa mfano." Watu wakapiga makofi. Bwana Nasoro machozi yakamlengalenga, maana ni kwa ajili ya makofi hayo alikatwa utumbo. Bi Zuhura alimsihi asiende, akakataa.

Asubuhi ya matembezi Ndugu Maganga akatupanga mistari akatoa amri. "Ndugu wananchi, msitawanyike. Macho kwenye bango. Bango likienda, tunakwenda. Bango likisimama, tunasimama." Bango lenyewe lilikuwa ubao juu ya mti mrefu, limeandikwa TUNASONGA MBELE. Nyuma yake ngoma, nyuma ya ngoma akina mama wa umoja wao, kisha sisi wengine. Mimi nilikuwa nimeshavaa joho la bepari tangu mjini, kwa kuwa lilikuwa zito kulibeba. Jua likapanda, tukaimba, tukaziacha nyumba za mwisho za mji, tukaanza kuona mihogo na miembe ya Kwihara kwa mbali.

Nikamwona Bwana Nasoro anabadilika mwendo. Mabega yakapanda, hatua zikawa fupi fupi. Nilijua. Nikaanza kupenya mistari nikampokee bango, lakini na tumbo hili, ndani ya joho, sikufika kwa wakati. Akageuka kushoto, akaiacha barabara, akakata shamba la mihogo kuelekea kwenye kichaka, na bango mkononi. Alisahau kuliacha, maskini.

Bango likienda, tunakwenda. Tawi zima likageuka kushoto. Wapiga ngoma waliona mshika bango anakimbia, nao wakachapua ngoma wakakimbia. Akina mama wakapiga vigelegele, wakapandisha khanga, wakaingia kwenye mihogo. Bwana Nasoro akageuka nyuma, akaona Chama chote kinamjia kwa nyimbo. Uso ule sitausahau. Akaongeza mbio akikitafuta kichaka kingine cha mbali zaidi, nao wakaongeza.

Mimi peke yangu ndiye niliyeelewa. Nikakimbilia mbele yao nikatanua mikono, joho linapepea, nikapaza sauti, "Simameni! Rudini nyuma! Mwacheni aende peke yake!"

Wakadhani mchezo umeanza.

"Bepari anatuzuia!" akapiga kelele mama wa michembe, kwa furaha kubwa. "Msimsikilize! Piteni!" Wakanizomea vizuri kuliko siku zote, wakanipita kulia na kushoto, na mmoja akanitwanga bega kwa mpini wa jembe, kisha akaniomba radhi kimya kimya. Ndugu Maganga alipita akiniambia kwa pumzi fupi, "Ndugu Fundi, safi sana, lakini ulitakiwa usubiri jukwaa."

Halafu bango likaanguka. Nao wakasimama, kama walivyoamriwa.

Nilipofika nilimkuta Bwana Nasoro chini kati ya mihogo, miguu imekakamaa, vidole vya mikono vimejikunja, midomo inatetemeka, hawezi kusema. Suruali ya mpira ilikuwa imefanya kazi yake kadiri ilivyoweza, na zaidi ya hapo siandiki, maana najua barua hii utaisoma mbele ya wageni. Nilivua joho nikamfunika. Akina mama wakashusha khanga zao. Hapo ndipo nilipoogopa hasa, dada, kwa sababu macho yake yalikuwa yananiangalia mimi bila kuniona, na kulikuwa bado mchana.

Nikambeba mgongoni. Nilijiandaa kwa uzito wa mtu mzima, nikainuka kwa nguvu zote, nusura nimrushe upande wa pili. Hakuwa na kitu. Ilikuwa kama nimebeba kanzu yenye mifupa. Nikatembea naye mpaka barabarani, pale pale ambapo babu yetu alipita na pembe za watu begani, mimi bepari wa tawi nimembeba mfanyabiashara. Mzee mmoja wa Kwihara alikuwa amesimama kando ya njia akitusubiri sisi wageni na jembe lake. Akatuangalia, akamgeukia Ndugu Maganga akamwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, katibu. Huu mchezo maana yake nini? Mnene ndiye anayembeba mwembamba?"

Ndugu Maganga akalivua shati lake akamwekea Bwana Nasoro kichwani kumkinga jua, akanishika kiwiko, tukaenda hivyo mpaka likapatikana lori la tumbaku likatupeleka hospitali. Mgongo wangu ndipo ulipoumia, si kwa uzito, ni kwa ile nguvu niliyoitumia bure.

Daktari aliyempokea ni Mmoraviani wa Urambo, mtu wa makamo, anaongea taratibu. Walimtundikia chupa ya maji ya chumvi, na miguu ikaanza kulegea. Mimi nikabaki nje kwenye ubao wa kukalia na Bi Zuhura, aliyefika mbio kutoka nyumbani. Daktari alipotoka akanitazama, akatazama tumbo, akaniuliza, "Na wewe ndiye unayesubiri zamu?" Bi Zuhura ndiye aliyekuwa amemwambia. Nikaitikia kwa kichwa.

Akakaa ubaoni na sisi. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Bagamoyo, ila babu alikuwa mpagazi aliyetoka huku. Akacheka kidogo. "Basi utaelewa upesi. Msafara ukitoka Bagamoyo kwenda Ujiji, ulikuwa unapita bure?"

"Hapana," nikasema. "Kila kwa mtemi wanatoa hongo."

"Chakula nacho ni msafara. Utumbo ndiyo njia, na ni ndefu kwa makusudi. Kila kituo kina mtemi anayesubiri hongo yake. Damu inachukua, mifupa inachukua, macho yanachukua. Huyu ndugu yetu, msafara wake ulishikwa Bagamoyo, ukapakiwa kwenye ndege, ukashushwa Ujiji. Mizigo imefika mizima. Njiani hakuna aliyepata hata ushanga."

"Na watemi wamekasirika?"

"Wameanza vita," akasema Daktari, na hakuwa anacheka tena. Akatueleza kwamba miguu imekakamaa kwa sababu chumvi za mwili zimekwisha kwa kuharisha. Macho ni upungufu wa vitamini, vijiwe vya figo vitarudi, na anachokiogopa zaidi ni ini, kwa sababu weupe wa macho umeanza kuwa manjano. Akasema wapo waliokatwa wakapata nafuu, hasemi uongo, lakini madaktari wenyewe huko wanabishana, na wengi wameanza kuwaunganisha tena wale waliowakata. "Hapo sijasema kuhusu meza yenyewe ya kupasulia. Mtu mnene, usingizi wa dawa unaweza kukataa kumwachia. Damu yake inaweza kuganda mguuni ikapanda mpaka mapafuni. Na mshono wa utumbo unaweza kuvuja ndani, hakuna anayeuona mpaka homa ipande."

Dada, mengine yote ningeweza kubishana nayo. Lile la mshono lilinimaliza. Mimi ni fundi, najua mishono. Nimeshona vizuri, kwa uzi mzuri, kwa mkono wangu mwenyewe, na bado gauni limerudi limefumuka. Mwenye gauni hunitukana, nalirudia, yanakwisha. Nikafikiria mshono uliofumuka ndani ya tumbo langu. Halafu nikafikiria ndani ya tumbo lako.

Nikamwuliza Daktari habari zako, bila kukutaja jina. Nikasema ninaye dada, magoti yanamsumbua, akipiga magoti kuswali anashindwa kuinuka, na ndiyo maana anataka kukatwa. Najua si urembo tu, ingawa uliandika habari za mikono mifupi. Hakucheka. Alisema unene kweli unalemea magoti, na unaleta shinikizo la damu na sukari, usijidanganye. Lakini alisema uanze kwa kupunguza sukari kwenye chai na mafuta kwenye sufuria, utembee kila siku, uende hospitali hapo ulipo wakupime. Kiuno cha kwenye uzi hutakipata, alisema, ila magoti yatakushukuru. Na mimi amenipa masharti hayo hayo. Kila Ijumaa natembea mpaka Kwihara, safari hii bila bango.

Bwana Nasoro tulimwona jioni. Alikuwa ameshapata sauti. Akanishika mkono, akaniambia, "Fundi, safari iko pale pale, lakini nakwenda kuunganishwa. Nirudishiwe tumbo langu. Wakitaka kunichora, wanichore." Tukacheka, Bi Zuhura akalia. Wameondoka kwa treni, Bi Zuhura ndiye aliyemsindikiza, na suruali zote za mpira nilizomshonea wamezibeba. Daktari hakuwaficha kwamba kupasuliwa mara ya pili ni hatari kuliko mara ya kwanza, hasa kwa ini lile. Hatujapata habari yake. Nikipita mbele ya duka lake lililofungwa nashikwa na majonzi, nami sikujua kwamba nilikuwa nampenda yule mzee.

Nafasi yangu ya kwenda nimeikataa. Yako nimeikataa pia, bila kukuuliza, na ukitaka kunigombeza nigombeze. Wewe ulinilea kwa mikono yako, sina mwingine wa kumwita kwetu. Nikikupoteza kwa sababu ya barua niliyoiandika mimi, nitakwenda wapi na tumbo hili? Kwa hiyo wale uliowaaga, pita nyumba zao tena uwaambie umebaki. Watakucheka kwa wiki moja, kisha watapata mwingine wa kumcheka.

Mchezo unaofuata Ndugu Maganga ameubadilisha, bepari atakuwa mwembamba. Amesema ameona bepari wa kweli hatambulikani kwa tumbo. Mimi nimepewa nafasi ya mkulima, na mama wa michembe amelalamika kwamba mchezo umeharibika.

Nisalimie shemeji, umwambie redio ina kitufe cha kuzimia. Msalimie mjomba mchoma samaki na mkewe, msalimie mwalimu wa madrasa aliyenichapa viboko kwa kusinzia. Shangazi Mwajuma msalimie peke yake, maana hapokei salamu za jumla. Na yule mpwa anayechumbiwa mwambie gauni lake linakuja baada ya lako.

Lako ndilo hili lililomo kwenye kifurushi. Nimelishona kwa kipimo chako ninachokijua tangu nilipoanza kushika sindano, na mikono nimeifanya mifupi ulivyotaka, kwa sababu mikono yako ni mizuri. Ndani ya mshono nimeacha kitambaa cha kutosha. Ukipungua, litapunguzwa, ukiongezeka, litaachiwa. Livae siku ya Idi, ukae mbele watu wakuone.

Uzi wako sikuutupa. Umetosha kufungia kifurushi.

Ni mimi mdogo wako, mzima na bila mshono mwilini,
Ramadhani